KAZI ZA MIKONO KWA VIJANA: Ndege ya Mabawa Mawili Iende Polepole Bila Kuanguka



Wazee walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Neno hilo ni kweli kwa mtu aendaye kwa miguu. Lakini panda baiskeli, nawe utaona kwamba kadiri mwendo unavyopungua ndivyo usukani unavyoyumba mikononi. Na kwa ndege ni zaidi ya hapo: angani, mwenda pole ndiye ajikwaaye.

Juma hili twajibu swali la kijana mmoja wa Mkunya, huko Newala. Ameandika kwamba ametengeneza ndege ndogo ya mabawa mawili, moja juu na moja chini, kwa fito za mwanzi na karatasi, na rafadha yake yazungushwa na mpira uliosokotwa. Kila airushapo, asema, huinua pua, husimama kidogo kama mtu aliyesahau jambo, kisha hulala ubavu na kuanguka. Akaongeza mizunguko ya mpira, ikaanguka kwa kishindo zaidi. Sasa karatasi na gundi aliyo nayo yatosha kuitengeneza mara moja tu, na fedha ya kununulia nyingine haipo mpaka korosho ziuzwe. Auliza: je, aongeze mpira, au aiache kazi hii?

Jibu ni fupi: kijana, usiiache kazi, wala usiongeze mpira. Ndege iendayo polepole haishikwi na nguvu, hushikwa na mizani. Na mizani haiuzwi dukani. Hupatikana kwa kupima na kwa kusubiri. Nanyi wengine mlio na kazi kama hiyo nyumbani, someni pamoja naye.

KWA NINI BAWA HUZIMIA

Bawa hubeba ndege kwa sababu huisukuma hewa iende chini. Ndege ikienda mbio, bawa lahitaji kuinamia hewa kidogo tu. Ikienda polepole, hapana budi bawa liinue ukingo wake wa mbele zaidi, ili lipate kusukuma hewa ile ile ya kutosha. Lakini kuna mpaka. Kwa ndege kubwa mpaka huo ni kama digrii 15. Kwa ndege ndogo za kuchezea, mara nyingi hufika mapema kuliko hapo. Ukiuvuka, hewa ipitayo juu ya mgongo wa bawa haiwezi tena kuufuata. Huachana nao na kuvurugika.

Chukua kata, umimine maji kidogo juu ya mgongo wake, ukiwa juu ya ndoo ili maji yasipotee bure. Utaona maji yanaufuata mviringo wa kata. Iinamishe mno kwa ghafula, maji yatauacha mgongo na kuanguka. Ndivyo hewa inavyoliacha bawa. Hapo bawa huwa limezimia, na ndege haina wa kuibeba.

Sasa utaona kwa nini kuongeza mpira hakukufaa. Nguvu ya rafadha iliivuta pua juu, pua iliyoinuka ikalipeleka bawa kwenye ule mpaka, na bawa likazimia likiwa mbali zaidi na ardhi. Kilichoongezeka ni urefu wa kuanguka tu.

TUJIFUNZE KWA WALIOTUTANGULIA

Wenye ndege za kweli walipambana na shida hii hii, tena wengine katika nchi yetu. Mwaka 1914, huko Farnborough, Uingereza, mtaalamu Edward Busk alishughulika na ndege ya mabawa mawili iliyoitwa B.E.2c. Alitaka ijirudishe yenyewe sawa kila upepo uiyumbishapo. Hakuongeza injini kubwa. Bawa la juu lilitangulizwa mbele ya lile la chini, ncha za mabawa ziliinuliwa kidogo, mkia ukatengenezwa upya na kuwekewa pezi lililosimama. Rubani aliweza kuachia mikono, na ndege ikaendelea na safari yake. Busk mwenyewe alikufa Novemba 1914, ndege aliyokuwa akiijaribu iliposhika moto angani.

Ndege za namna hiyo zililetwa Afrika Mashariki mwaka 1916 pamoja na kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza. Huko Ulaya utulivu wake uligeuka kuwa hasara, kwa maana haikugeuka upesi mbele ya adui. Hapa kwetu Wajerumani hawakuwa na ndege za kupigana nao angani, kwa hiyo ndege tulivu iliwafaa watu waliotumwa kutazama pori na njia zake. Shika neno hili: utulivu na wepesi wa kugeuka hupatikana kimoja kwa kupunguza kingine. Wewe unayeanza, chagua utulivu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 11 Julai 1915, ndege nyingine ya mabawa mawili ilitoka kisiwa cha Mafia ikaenda juu ya delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha. Rubani alikuwa John Cull, na mwenzake Harwood Arnold alikuwa akiwapasha wapiga mizinga wa Kiingereza habari za mahali risasi zao zilipoanguka. Ndege ikapigwa, injini ikashindwa. Cull akaielekeza pua chini, ndege ikaja ikiteleza hewani mpaka mtoni, na njiani Arnold akaendelea kupeleka habari. Wote wawili waliokolewa. Angalia jambo lililowasaidia: injini ilipokufa, rubani hakuivuta pua juu ili kujaribu kubaki angani. Aliishusha pua, akalinda mwendo, na mwendo ukalilinda bawa.

Baada ya vita vya pili, shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege 6 za mabawa mawili za De Havilland, aina ya Dragon Rapide. Zilikuwa nzuri kwa sura, lakini mabawa yake yalichongoka kuelekea ncha, na bawa la namna hiyo hupenda kuzimia kwanza nchani. Kwa hiyo marubani walizoea kuishusha kwa magurudumu ya mbele ikiwa bado na mwendo wa kutosha, wala hawakungoja ipoe mno hewani. Kwako wewe fundi mdogo somo ni hili: usichongoe ncha za mabawa kwa ajili ya uzuri. Ziache pana.

VIPIMO VYA KUANZIA

Haya, tuingie kazini. Vipimo vifuatavyo ni vya ndege ya mabawa mawili yaliyo sawa, kila moja urefu wa sentimeta 60 kutoka ncha hata ncha, na upana wa sentimeta 10. Ukitaka kubwa zaidi au ndogo zaidi, zidisha au punguza vyote kwa kadiri moja.

Kwanza, uzito. Ndege nzima pamoja na mpira wake isizidi gramu 100. Ukiufanya uzito kuwa maradufu, itakubidi iende kwa mwendo wa mara 1.4 ili ibebwe. Ukiufanya mara nne, mwendo utakuwa maradufu. Kwa hiyo anayetaka ndege ya polepole aanze kwa kupunguza uzito. Mpingo ni mti wa heshima kwa wachongaji wa Kimakonde, lakini huzama hata majini, usiufikirie. Tafuta mti mwepesi, kama ule wanaochongea vinyago vya kuvaa vya mapiko, au msufi, au fito nyembamba za mwanzi. Mabua ya mtama yaliyokauka yafaa kwa ndege ya kutupwa kwa mkono. Aliye mjini aweza kutumia foamu nyeupe ifungashiwayo redio na televisheni.

Pili, nafasi kati ya bawa la juu na la chini. Isipungue upana wa bawa moja, yaani sentimeta 10. Mabawa yakikaribiana mno, moja humnyima mwenzake hewa, nawe utakuwa umebeba mabawa mawili kwa faida ya moja na nusu.

Tatu, kutanguliza. Bawa la juu litangulie mbele ya la chini kwa sentimeta 3.

Nne, pembe. Hapa ndipo wengi hukosea. Mkia ulale sawasawa na kiwiliwili. Bawa la chini liinuliwe ukingo wa mbele kwa milimeta 2. Bawa la juu liinuliwe kwa milimeta 5. Kwa nini yasiwe sawa? Kwa sababu twataka bawa la juu lizimie kwanza. Hilo liko mbele. Likipoteza nguvu, pua hushuka yenyewe, ndege hupata mwendo, na bawa la chini ambalo halijazimia huendelea kubeba. Ukiyapanga kinyume, la chini litazimia kwanza, la juu litaendelea kuvuta pua juu, na hapo utakuwa na ndege ile ile isimamayo na kulala ubavu.

Tano, ncha za mabawa. Ziinue kwa sentimeta 3 kila upande, mabawa yakae kama mikono ya mtu aliyeifungua kupokea mzigo. Ndege ikilala upande mmoja, huanza kuteleza kuelekea upande huo, na bawa la upande huo hupigwa na hewa zaidi, likajiinua. Kisha ukingo wa nyuma wa kila ncha uupinde juu kwa milimeta 3, ili ncha zisizimie kabla ya sehemu ya katikati. Fanya hivyo kwa mvuke wa birika: pasha, pinda, shikilia hata ipoe. Lakini pande zote mbili ziwe sawasawa; bawa moja likipinda kuliko jingine, ndege itazunguka kama kuku aliyekatwa.

Sita, mkia. Usiufanye mdogo. Mkia uliolala uwe wa sentimeta 30 kwa 9, na uwe umbali wa sentimeta 32 hivi nyuma ya mabawa. Pezi lililosimama liwe kama sentimeta 10 kwa 10. Ndege nyingi za vijana huanguka kwa kuwa mkia ulikatwa mdogo ili kufanana na picha ya ndege kubwa. Picha hairuki, irukayo ni ile uliyo nayo mkononi.

Na saba, jambo dogo lisilo na gharama. Gundisha uzi wa kushonea kwenye mgongo wa bawa, sentimeta 1 nyuma ya ukingo wa mbele, kutoka ncha hata ncha. Uzi huo huitikisa hewa kidogo, na hewa iliyotikiswa hulishika bawa dogo vizuri zaidi katika mwendo wa polepole.

MIZANI YENYEWE

Tazama mshale. Chuma kiko mbele, manyoya nyuma. Ukiugeuza, haufiki po pote. Ndege nayo yataka uzito uwe mbele ya kutosha.

Pima sentimeta 4 kutoka ukingo wa mbele wa bawa la juu kwenda nyuma, uweke alama pande zote mbili. Inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya alama hizo. Yafaa ilale sawa, au ishushe pua kidogo sana. Ikishusha mkia, hiyo ndiyo sababu ya maanguko yako yote. Usiirushe kamwe ikiwa na mizani nyuma ya sentimeta 5.

Ikiwa mkia ni mzito, usikimbilie kuweka udongo puani. Kwanza punguza uzito wa mkia. Kwa kuwa mkia uko mbali, gramu 1 ya huko yaweza kudai gramu 3 puani, na hizo zote ndege itazibeba. Kwangua fito za mkia, ondoa gundi iliyozidi, tumia karatasi nyembamba. Ndipo, ikiwa bado, ongeza msumari mdogo au udongo kidogo puani.

KUIJARIBU

Chagua asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda na upepo haujaamka. Hewa ya joto ni nyepesi na hubeba kidogo. Hata ndege za Sopwith za kutua majini, zilizoletwa kuitafuta ile Königsberg mwanzoni mwa 1915, zilishindwa kufanya kazi yake katika joto la pwani. Wakati wa kusi, upepo wa mchana katika uwanda wa juu utakuharibia kazi ya mwezi mzima kwa dakika moja.

Tafuta mahali penye nyasi ndefu, pasipo miti, nyaya wala watoto wadogo mbele yako. Wala usiende kuirushia Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda, ukidhani kwamba urefu utakusaidia. Ndege isiyojaribiwa ikienda huko, utaiaga.

Usizungushe mpira kwanza. Shika ndege usawa wa bega, pua ishuke kidogo, uisukume mbele kwa mkono ulionyooka kwa mwendo wa mtu akimbiaye polepole. Usiitupe kama jiwe. Kisha utazame.

Ikienda moja kwa moja chini, inua ukingo wa nyuma wa mkia kwa milimeta 1. Ikiinua pua, ikasimama, ikashuka, ikainua tena kama mtumbwi katika mawimbi, shusha ukingo huo kwa milimeta 1, au ongeza uzito kidogo puani. Ikilala upande mmoja, tazama mabawa kwa macho kutoka nyuma. Mara nyingi utaona moja limepinda. Ikiteleza mita 10 au zaidi na kugusa nyasi kwa upole, shukuru, kisha irushe mara nyingine 5 ili ujue haikuwa bahati.

Badili jambo moja tu kila mara, na uandike katika daftari: umebadili nini, na ndege imefanya nini. Anayebadili mambo mawili kwa pamoja hajui ni lipi lililoponya na ni lipi lililoua.

Ndipo uzungushe mpira, mizunguko 50 tu. Ikiwa ndege iliteleza vizuri bila nguvu, na sasa yainua pua kwa nguvu, usiguse mkia. Mkia hauna kosa. Weka kipande cha karatasi ngumu nyuma ya sehemu ya juu ya kishikio cha rafadha, ili rafadha itazame chini kidogo. Ikivuta sana kushoto, iielekeze kulia kidogo. Ongeza mizunguko 20 kwa 20, wala usiruke hatua.

KWA WENYE MITAMBO YA REDIO

Siku hizi wako vijana, hasa mijini, warushao ndege zenye mota ya umeme na kuziongoza kwa redio. Huyo aulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga habari za ruhusa, na asirushe karibu na kiwanja cha ndege. Kisha ashike mambo mawili. Ndege ya mabawa mawili, pamoja na nguzo na kamba zake, hukamatwa sana na hewa. Ukizima mota kwa ghafula wakati wa kutua, mwendo huisha mara moja. Punguza kidogo kidogo, pua ikitazama chini kidogo, mpaka ukaribie ardhi. La pili: bawa moja likianza kushuka katika mwendo wa polepole, usiliinue kwa vibao vya mabawa. Kibao kishukacho huliongezea bawa lile pembe, nalo tayari liko mpakani, litazimia kabisa. Shusha pua, ongeza nguvu kidogo, na utumie usukani wa mkia kuinyosha.

Na sasa neno moja kwa wazazi. Baba au mama aonaye mtoto amekaa na fito na gundi alasiri nzima, asidhani anapoteza wakati. Mtoto anayejifunza kupima milimeta 3 kwa uangalifu, kupunguza badala ya kuongeza, na kuandika kosa lake daftarini kabla ya kulirekebisha, anajifunza kazi itakayomfaa hata asipoigusa ndege tena maishani. Kama una karatasi nyumbani usiyoitumia, mpe.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kuchonga rafadha ya mti kwa kisu kimoja tu. Wekeni tayari kipande cha mti mwepesi, urefu wa sentimeta 20, kilichokauka kivulini.